Kumtunza Mzee Ni Kazi ya Kujifunza

Katika nyumba nyingi za Kitale na Bungoma yumo mtu mmoja ambaye hakuandikwa kazi na yeyote, hana mshahara wala likizo, naye hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Mtu huyo ndiye mlezi wa mzee. Pengine ni mke wa mwana wa nyumba hiyo, pengine ni binti aliyerudi kwao, na mara nyingine ni mjukuu aliyeachishwa shule kwa muda ili akae na kukhu, yaani nyanya yake. Wote hawa wanafanana kwa jambo moja: ni nadra kumkuta hata mmoja aliyepata kufundishwa kazi anayoifanya.

Sisi hufundishwa kupanda mahindi kwa mistari, kukamua ng'ombe kwa usafi, na kuandika hesabu za chama cha ushirika. Mama mwenye mimba huenda kliniki akaelezwa namna ya kumwosha na kumlisha mtoto mchanga. Lakini kazi ya kumwinua mtu mzima aliyepooza, kumwosha bila kumwaibisha, na kumlisha bila kumpalia, hiyo twadhani huja yenyewe kwa sababu ya upendo. Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kuwa upendo peke yake hautoshi. Ya kuwa mengi yanayowadhuru wazee wetu hayatoki katika ubaya wa moyo bali katika kutojua. Na ya kuwa elimu inayotakiwa si kubwa, wala si ya gharama.

WAZEE WETU NI AKINA NANI

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 husema kwamba mzee ni mtu aliyepita umri wa miaka 60, na kifungu chake cha 57 chaagiza kwamba mzee aishi kwa heshima, asidhulumiwe, na apate matunzo ya kadiri kutoka kwa jamaa zake na kwa Serikali. Tazameni vema, wasomaji: Katiba imetaja wote wawili, jamaa na Serikali. Mmoja hawezi kumwachia mwenziwe mzigo wote.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya waliopita miaka 60 walikuwa kama milioni 2.7. Mwaka huo Kaunti ya Bungoma ilikuwa na watu 1,670,570, na Trans Nzoia, ambayo mji wake mkuu ni Kitale, ilikuwa na watu 990,341. Kwa hiyo jambo hili si la nyumba moja moja.

Mfikirie mtu aliyezaliwa mwaka 1950. Alipozaliwa, Trans Nzoia ilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya Wazungu, na reli ilikuwa imekwisha fika Kitale tangu mwaka 1926. Watu wengi wa Bungoma walipanda kwenda huko kufanya kazi ya kulima na kuchunga. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 wengine wao walipata vipande vya ardhi katika mipango ya makazi, na wengine wakachanga fedha wakanunua mashamba kwa vyama. Ndiyo sababu hata leo ukoo mmoja huwa na nyumba mbili: shamba la mahindi liko upande wa Kitale, na makaburi ya mababu yako upande wa Kimilili, Chwele au Sirisia.

Hali hiyo ina taabu yake kwa mzee mgonjwa. Miezi mitatu hukaa kwa mwana wa kwanza huko Kiminini, na miezi mitatu hupelekwa kwa binti huko Bungoma. Kadi ya hospitali hubaki nyuma, dawa hukatika, na mlezi mpya hajui ni vidonge gani vya asubuhi na ni vipi vya jioni. Dawa ya taabu hii ni daftari moja la shilingi chache. Liandikwe majina ya dawa, kiasi chake, tarehe za kwenda kliniki, na vipimo vya damu; nalo lisafiri pamoja na mzee kama vile kitambulisho chake kinavyosafiri.

MIKONO IMEPUNGUA

Zamani boma lilikuwa na mikono mingi. Mzee alipolala kitandani, huyu alileta maji, yule alileta kuni, na watoto walilala chumba kimoja naye wakisikiliza hadithi. Sasa watoto wa mzee wametawanyika: mmoja yuko Nairobi, mwingine yuko Eldoret, na mwingine yuko katika nchi za Ghuba akifanya kazi katika nyumba za watu. Fedha zao huja kwa simu, nazo ni msaada mkubwa. Lakini fedha haziwezi kumgeuza mgonjwa upande wa pili usiku wa manane.

Tena maradhi yenyewe yamebadilika. Shinikizo la damu, kisukari, kiharusi, maumivu ya viungo na ugonjwa wa kusahau si maradhi ya juma moja. Mtu huishi nayo miaka mingi. Kwa hiyo mlezi wa leo hafanyi kazi ya siku chache za mazishi au homa. Anafanya kazi ya miaka, na kazi ya miaka hutaka ujuzi.

MAMBO SITA YA KUANGALIA

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kuwaongoza wahudumu wa afya katika kuwatunza wazee. Kitabu hicho huanza kwa mambo sita mepesi, ambayo hata mlezi aliyesoma kidogo aweza kuyaelewa.

La kwanza ni kumbukumbu. Mwambie mzee maneno matatu, kwa mfano ua, mlango, mchele. Mwulize leo ni tarehe gani na yuko mahali gani. Kisha mwombe ayarudie yale maneno matatu.

La pili ni mwendo. Mzee akae katika kiti kisha ainuke na kukaa mara tano bila kujishikilia kwa mikono. Ikiwa ni salama kwake kujaribu, naye hawezi kumaliza katika sekunde 14, miguu yake imepungua nguvu.

La tatu ni chakula. Je, amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu bila kukusudia? Je, amepoteza hamu ya kula?

La nne ni macho: aona mbali, na aweza kusoma au kuchambua mchele? La tano ni masikio: simama nyuma yake, umnong'oneze maneno, uone kama atayarudia. La sita ni moyo: katika majuma mawili yaliyopita amekuwa na huzuni nyingi, au ameacha kufurahia mambo aliyoyapenda?

Mambo haya si ya kutolea hukumu, bali ni ya kumwonyesha mlezi ni wakati gani ampeleke mzee kwa daktari. Mara nyingi tunasema, "Ni uzee tu," na kwa maneno hayo machache tunamfungia mtu mlango wa matibabu. Mzee asiyeona huenda ana mtoto wa jicho, ambao waweza kuondolewa kwa upasuaji mfupi. Hospitali ya macho ya Sabatia, katika Kaunti ya Vihiga, hufanya kazi hiyo. Mzee asiyejibu akiitwa huenda masikio yake yamezibwa na nta. Mzee asiyekula huenda meno yanamwuma. Uzee si ugonjwa, na ugonjwa usiitwe uzee.

KAZI ZA KITANDANI NA ZA NYUMBANI

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mzee asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia, navyo huanza kimya kimya. Mlezi amgeuze kila baada ya saa mbili, na kila siku aangalie visigino, nyonga na sehemu ya chini ya mgongo. Akiona wekundu au weusi usioondoka, asipasugue; bali amwondolee uzito mahali pale, amweke pakavu, na amwarifu mwuguzi mapema. Mto ukiwekwa chini ya miguu ili visigino vining'inie, huzuia kidonda ambacho kingetibiwa kwa miezi mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika kumlisha, mzee aketi wima, wala asilishwe akiwa amelala chali. Apewe kidogo kidogo, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula. Ikiwa amepata kiharusi naye hukohoa kila anywapo maji, mlezi asimlazimishe. Daktari aarifiwe, kwa maana chakula chaweza kuingia katika mapafu. Uji wa wimbi, maharagwe yaliyopondwa, omena, mayai na mboga ni chakula kizuri kwa mzee kuliko chai na mkate kila siku. Tena apewe maji hata kama hajaomba, kwa sababu katika uzee kiu hupungua ijapokuwa mwili wataka maji.

Katika kumwinua, mlezi apige magoti kidogo na kutumia nguvu za miguu, si za mgongo. Asimvute mzee kwa mkono, hasa mkono uliopooza, kwani bega laweza kuteguka. Walezi wengi wamepatwa na maumivu ya mgongo ya maisha kwa sababu hawakuonyeshwa jambo hili dogo.

Kuanguka nako ni adui mkubwa. Mfupa wa nyonga ukivunjika, wazee wengi hawatembei tena kama zamani. Njia ya kwenda chooni isawazishwe, mawe yaondolewe, na kamba au fito ifungwe ya kushikilia. Taa iwe karibu na kitanda. Kwa mzee asiyeweza kuchutama, fundi seremala wa kijijini aweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo. Kiti hicho ni mbao chache na misumari, lakini humrudishia mtu mzima heshima yake.

Mwisho, kila mlezi azijue dalili za kiharusi: mdomo umepinda upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, maneno hayatoki sawasawa. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, wala usingojwe mpaka asubuhi. Na mwenye shinikizo la damu asiache vidonge kwa sababu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu anavimeza.

NANI ATAMWOSHA BABA?

Hapa pana jambo gumu, nalo wengi huona haya kulisema. Katika desturi za Wabukusu na za jirani zao, mkwe na mkwe huheshimiana kwa mipaka mikali. Haifai mke wa mwana kumvua nguo baba mkwe wake, wala haifai mume wa binti kumgusa mama mkwe. Heshima hiyo ni nzuri, nayo imelinda nyumba zetu tangu zamani. Lakini matokeo yake siku hizi ni haya: mzee mwanamume amepooza, mkewe amekwisha fariki, na mtu pekee aliye nyumbani ni mke wa mwanawe. Yule mama hukaa mlangoni na maji ya moto, asijue la kufanya. Akiingia, amevunja mwiko. Asipoingia, baba amelala katika uchafu.

Wako wanaume wanaosema kwamba kuosha wagonjwa ni kazi ya wanawake. Hao tuwaulize: ikiwa desturi yenyewe inamkataza mkwe, ni nani aliyebaki isipokuwa mwana wa kiume? Mwana huyo ndiye aliyeshikwa mkono na baba yake katika siku ya tohara; si aibu kwake kumshika baba mkono katika siku ya udhaifu. Kwa hiyo mafunzo ya ulezi yasiitwe mafunzo ya akina mama. Wana wa kiume na wajukuu wa kiume wahudhurie, tena wawe wa kwanza. Na mahali ambapo hakuna mwana karibu, wazee wa ukoo wakae waamue ni nani atakayekuja asubuhi na jioni, badala ya kumwachia mama mmoja uamuzi ambao si wake.

UGONJWA WA KUSAHAU SI UCHAWI

Uko ugonjwa wa ubongo ambao humfanya mzee asahau majina ya wanawe, atoke usiku akizunguka, aseme peke yake, au awashutumu jamaa kwamba wamemwibia. Madaktari huuita dimenshia, na ugonjwa wa Alzheimer ni aina yake moja iliyo ya kawaida. Watu wasiojua humwona mzee huyo, zaidi akiwa mwanamke mjane, wakasema ni mchawi.

Maneno hayo huua. Mwezi wa Oktoba mwaka 2021, huko Marani katika Kaunti ya Kisii, wanawake wanne wenye umri mkubwa waliuawa na kundi la watu kwa kusingiziwa uchawi. Huko Kilifi pia wazee wengi wamekimbia makwao kwa sababu hiyo hiyo, hata pakawa na mahali pa kuwahifadhi huko Kaya Godoma. Mapatano ya Umoja wa Afrika juu ya haki za wazee, yaliyokubaliwa mwaka 2016 na kuanza nguvu mwaka 2024, yanazitaka Serikali ziwalinde wazee na masingizio ya uchawi.

Mlezi wa mzee mwenye ugonjwa huu asibishane naye, wala asimcheke. Mzee akisema kwamba anataka kwenda kumwona mama yake aliyekufa zamani, haifai kumwambia kila siku kwamba mama amekufa, kwani kila siku atalia upya. Ni afadhali kumwuliza habari za mama huyo, kisha kumwelekeza kwenye jambo jingine. Siku yake iwe na utaratibu mmoja: kuoga saa ile ile, kula saa ile ile. Lango lifungwe usiku, na majirani waelezwe ili wakimkuta njiani wamrudishe kwa upole. Shirika la Afya Duniani limetayarisha masomo ya bure ya intaneti kwa walezi wa wagonjwa hawa, yanayoitwa iSupport. Na huko Nairobi chama cha ADOK huwakutanisha walezi wapate kushauriana.

MSAADA ULIOPO

Katika kazi ya ukarani mtu huona kwamba wengi hawapati msaada, si kwa sababu haupo, bali kwa sababu hawajui waanzie wapi. Basi tuutaje kwa utaratibu.

Msaada ulio karibu kabisa ni mhudumu wa afya wa kijiji. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Serikali ilizindua kazi ya wahudumu 100,000 nchini kote, na kila mmoja alipangiwa nyumba zipatazo 100. Walipewa mikoba yenye vyombo vya kupima shinikizo la damu na sukari. Mlezi na amwite aje ampime mzee nyumbani, kabla ya kutafuta pikipiki ya kumbeba hadi mjini.

Pili ni bima ya afya. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa ile bima ya zamani ya NHIF. Mzee aandikishwe akiwa mzima, wala isingojwe siku ya ugonjwa. Katika zahanati na vituo vya afya matibabu ya msingi yamewekewa hazina yake ya Serikali. Kwa kulazwa katika hospitali kubwa, mchango wa bima lazima uwe umelipwa.

Tatu ni fedha za Inua Jamii. Mpango wa kuwapa wazee fedha ulianza kwa majaribio katika miaka ya 2006 na 2007, na kuanzia mwaka 2018 ukafunguliwa kwa wote waliotimiza miaka 70 wasio na pensheni. Kiasi chake ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Uandikishaji hutangazwa kwa vipindi, nao hupita kwa machifu na manaibu wao. Kwa hiyo yafaa mlezi kuuliza mara kwa mara katika baraza. Kitambulisho ndicho kinachotazamwa. Wazee wengi wa kwetu hujua rika lao la tohara kuliko mwaka wa kuzaliwa, na vitambulisho vingine viliandikwa mwaka wa kukisia tu. Yule ambaye kadi yake ina kosa aanze mapema safari ya kuisahihisha.

Jirani zetu nao wana mipango yao. Uganda ilianza mwaka 2010 mpango wa kuwapa wazee fedha, na Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70 kwa fedha za Serikali yake yenyewe. Hatuko peke yetu katika njia hii; tena Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi tano ambazo vyama vyao vilianzisha shirika la HelpAge International mwaka 1983.

Lazima liongezwe neno moja juu ya fedha hizo. Mpango huruhusu mlezi kuandikwa ili ampokelee mzee asiyejiweza. Ruhusa hiyo ni amana. Shilingi 2,000 ni za mzee. Ni za sabuni yake, maziwa yake na dawa yake. Mwenye kuzipokea aziandike katika lile daftari tulilolitaja, na ndugu wote wapate kuliona. Hesabu iliyo wazi huondoa ugomvi kabla haujazaliwa, nayo humlinda mlezi mwaminifu na maneno ya watu.

MLEZI NAYE NI MTU

Sisi humwuliza mzee hali, tukaondoka bila kumwuliza mlezi. Hali mlezi asiyelala huanza kuugua, kisha hukasirika, na hasira hiyo ndiyo mwanzo wa maneno makali na pengine ya mkono. Si kila ukatili huanza kwa ukatili. Mwingine huanza kwa kuchoka. Ndugu walio Nairobi wanaoleta fedha wafanye na jambo la pili: wapange zamu. Mwana akija nyumbani wakati wa Krismasi, asikae kama mgeni wa kupikiwa. Amwambie mlezi aende kwao siku tatu apumzike, naye ashike kazi. Baada ya siku hizo tatu hataitaja tena kazi hiyo kuwa ni "kukaa nyumbani tu."

Katika sehemu zetu upo mfano mzuri wa watu kusaidiana. Mpango wa AMPATH wenye makao yake Eldoret, ulioanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya wagonjwa wa ukimwi, baadaye uliwakusanya watu wenye shinikizo la damu na kisukari katika vikundi vya vijijini. Katika kikao kimoja hupimwa, hupata mafundisho, na huweka akiba. Kitu gani kinazuia walezi wa wazee kufanya vivyo hivyo? Vyama vya akina mama na vya akiba vimejaa kila kijiji, kutoka Kiminini hadi Malakisi. Lililobaki ni kuweka saa moja ya mafunzo.

WANAJIFUNZA KWENDA KUTUNZA WAZEE WA WENGINE

Mwezi wa Julai mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kuwapeleka wauguzi wetu huko, na mwezi wa Septemba mwaka 2024 Kenya na Ujerumani zikapatana juu ya wafanyakazi. Vijana wetu wengi sasa hulipa karo wajifunze kumwinua, kumwosha na kumlisha mzee, ili wapate kazi ng'ambo. Hatuwalaumu. Kazi ni kazi, na fedha zao zitajenga nyumba huku. Lakini tazameni jambo lenyewe: ya kuwa ulezi wafundishika, na ya kuwa mataifa tajiri huulipia, ni ushahidi kwamba si kazi ya kudharauliwa. Ikiwa kijana wa Chwele aweza kufundishwa kumtunza bibi wa Berlin, mama yake aliyebaki Chwele aweza kufundishwa kumtunza kukhu.

Na mahali pa kufundishia si mbali. Chuo cha utabibu cha KMTC kina matawi Kitale, Bungoma na Webuye. Hospitali za kaunti zipo Kitale na Bungoma. Hospitali ya misheni ya Lugulu ina wauguzi wenye ujuzi. Na makanisa yana majumba yanayokaa tupu Jumamosi. Darasa la namna hii halihitaji jengo jipya. Lahitaji mwuguzi mmoja, kitanda kimoja, mito miwili, beseni, na watu kumi na wawili walio tayari kujifunza kwa nusu siku. Mmoja alale kitandani kana kwamba ni mgonjwa, na wengine wajaribu kumgeuza. Yule aliyelala atajifunza zaidi ya wote, kwa sababu ataonja jinsi ilivyo kushikwa kwa pupa na jinsi ilivyo kushikwa kwa upole.

Basi, wasomaji, yafaa tuanze na yaliyo katika uwezo wetu. Makarani na waalimu waandike barua kwa hospitali iliyo karibu kuomba mwuguzi wa siku moja. Machifu waweke ulezi wa wazee katika mambo ya baraza. Wakulima watoe mbao za viti na fito za njia ya choo. Na wewe unayesoma maneno haya ukiwa mbali na kwenu, uliza leo kwa simu, si hali ya mzee peke yake, bali nani aliyemgeuza usiku wa jana, na ni nani atakayempokea zamu Jumamosi ijayo. Jibu lake likiwa ni jina lile lile moja, jua ya kuwa kazi yako imeanza.